Natoka jiografia, nataka kuingia utafiti wa mipango miji. Nianzie wapi?

Mkazi_wa_Makulu:

Wakuu, salaam.

Mimi ni TA (mkufunzi msaidizi) wa jiografia kwenye chuo kimoja hapa Dodoma. Mkataba unanitaka niende masta, na kila nikikaa na mkuu wangu wa idara ananisukumia mabadiliko ya tabianchi kwenye kilimo, kwa sababu ndiko aliko yeye na ndiko zinakopatikana hela. Kilimo sikichukii, ila moyo wangu uko mjini. Nakaa Makulu. Nimeona mtaa ukitoka mashamba hadi maduka ya saruji na nondo, na mvua ikinyesha maji yanajichimbia njia mpya katikati ya nyumba za watu. Nataka nisome kwa nini.

Nina hofu kadhaa. Sikusoma mipango miji shahada ya kwanza, na nasikia wenye fani wanatubagua, wanasema hatujui kuchora. Halafu kuna Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji: itanitambua, au nitabaki njiani, si mwanajiografia si mpanga miji? Jingine ni hilo neno "miji endelevu". Hivi ni taaluma au ni maneno ya kuombea fedha? Nikisoma maandiko yao kila ukurasa una uendelevu, ustahimilivu, ujumuishi, halafu sioni mtaa hata mmoja uliotajwa kwa jina. Na je, niende Ulaya au nisome hapa hapa?

Aliyepita njia hii anisaidie. Kejeli pia napokea, mradi ziwe na kitu ndani.

MchoroNambaNgapi:

Afisa mipango miji hapa, nimezeekea halmashauri.

Mdogo wangu, usidanganyike na michoro ya rangi unayoiona kwenye kuta za ofisi zetu. Kazi yangu kubwa ni urasimishaji, yaani napanga mahali palipokwisha kujengwa. Nyumba zipo, msikiti upo, grosari ipo, kaburi la bibi wa watu lipo, na mimi natafuta barabara ya kupita katikati yao. Mwenye nyumba akigoma kurudisha ukuta wake, barabara inapinda. Akigoma na jirani yake, barabara inakuwa uchochoro na kwenye mchoro tunaandika "njia ya waenda kwa miguu".

Kupanga kabla watu hawajafika kunataka fedha ya fidia. Mwaka 2002 serikali ilipoanza mradi wa viwanja 20,000 Dar, Hazina ilitanguliza mkopo, wenye mashamba wakalipwa, viwanja vikapimwa Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Buyuni na kwingineko, vikauzwa, mkopo ukarudishwa. Kwa hiyo asikuambie mtu haiwezekani. Sasa nenda kaulize ni nani alinunua, na viwanja vingapi vilikaa miaka vikiota nyasi huku mwenye navyo akisubiri bei ipande. Hapo una masta nzima.

Kuhusu Bodi: iliundwa kwa sheria ya 2007 na inawahusu wanaoandaa michoro na kuisaini. Kama unataka kusaini, nenda kaulize masharti kwao wenyewe. Kama ni utafiti, huhitaji mhuri wao. Ila usije ofisini kwangu na dodoso la kurasa kumi na nane wiki ya bajeti.

KandoYaMsimbazi:

Mdogo wangu wa Makulu, nimecheka hapo kwenye mtaa usiotajwa jina. Shikilia hapo hapo.

Mimi shahada yangu ya kwanza ni ualimu, jiografia na hisabati. Nikapangiwa sekondari ya kata Ilala, wanafunzi wakitoka Kigogo, Mchikichini, Jangwani. Desemba 2011 yakaja mafuriko ambayo Dar haikuwa imeyaona kwa miongo. Watu zaidi ya 40 walikufa. Serikali ikawachukua baadhi ya waliokuwa mabondeni, ikawapa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa ya jiji. Januari nikawa na madawati matupu. Kufika Pasaka baadhi ya watoto walikuwa wamerudi, wamepanga chumba upande ule ule uliozama. Nikamuuliza mama mmoja anayeuza vitumbua: si mmepewa kiwanja? Akasema, "Mwalimu, kule majirani wote tumepewa kiwanja. Nani atanunua kitumbua?"

Lile jibu halikuniacha. Nilipeleka swali kwa mhadhiri wangu wa zamani wa jiografia, akasema hiyo ni sosholojia. Wa sosholojia akasema ni uhandisi wa maji. Mhandisi akasema ni siasa. Nilikuja kulikuta swali langu kwenye mpango kabambe wa Dar wa 1979, ambao bonde la mto Msimbazi ulikuwa umeliweka kwenye ardhi hatarishi isiyofaa kujengwa. Yaani miaka zaidi ya thelathini kabla ya mafuriko, mtu alishakaa akaandika. Basi ikabidi nijue ilikuwaje maandishi yawepo na nyumba ziwepo. Hiyo ndiyo mipango miji, mdogo wangu. Uchoraji ni sehemu yake ndogo.

Na wewe ukianza, soma mipango ya zamani kama unavyosoma barua za familia. Dar ilikuwa na mpango wa 1949 ulioandikwa na Waingereza, wa 1968 na wa 1979 iliyoandikwa na kampuni za Kanada. Kabla ya hapo Wajerumani walishatoa amri ya ujenzi mwaka 1891 iliyogawa mji kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba ilikuwa njia ya adabu ya kusema rangi ya mtu. Uwanja wa Mnazi Mmoja ambao leo watu wanakula mihogo chini ya miti ulikuwa ukanda wa kuwatenganisha watu wa Kariakoo na mji wa Wahindi. Angalia kila palipopakwa kijani kwenye ramani hizo halafu nenda kwa miguu ukaone pamekuwa nini.

Kuhusu kubaguliwa. Ndiyo, kidogo. Mwaka wa kwanza wa masta nilikaa studio na vijana waliokuwa wakichora tangu wakiwa na miaka ishirini, mimi nashika skeli kama mwiko wa ugali. Lakini wao walikuwa hawajui takwimu na walikuwa wanaogopa kuongea na watu. Mwalimu wa sekondari aliyezoea darasa la watoto tisini haogopi mkutano wa mtaa. Jiografia yako ina thamani: unajua kusoma mkondo wa maji, unajua QGIS, ile programu ya kuchora ramani, unajua udongo. Shahada za uzamili za mipango zinapokea watu wa jiografia, uchumi, uhandisi, usanifu majengo. Usiombe radhi kwa ulikotoka.

Nikueleze nilivyofanya kazi, maana ndipo wengi wanapokwama. Sikuwa na fedha ya droni wala mashine ya upimaji. Mafuriko yanaacha mstari wa tope ukutani, na kila mwenye nyumba anajua mstari wa mwaka gani ni upi. Nilikodi fundi ujenzi na mpira wake mwangavu, ule wanaoujaza maji kutafutia usawa wa msingi. Mimi nikishika upande huu, yeye upande ule, tukahamisha usawa kutoka nyumba hadi nyumba, kichochoro hadi kichochoro, tukalinganisha mistari yote ya tope na alama moja kwenye nguzo ya daraja. Watoto walitufuata wakidhani tunapima bomoabomoa. Ikabidi kila asubuhi nianze na kuwaeleza wazazi kwamba sina rangi nyekundu ya X mfukoni.

Nilichokiona ni kwamba mto haufuriki sawasawa kwa wote. Mwenye uwezo ananunua vifusi, anajaza kiwanja, anainua msingi, anaweka kizingiti cha saruji mlangoni. Maji yaliyokuwa yakikaa kwake yanahamia kwa jirani. Jirani naye akipata fedha anajaza. Baada ya miaka kadhaa anayebaki chini ni mpangaji, kwenye vyumba ambavyo mwenye nyumba wake anakaa Kimara au Mbagala na haoni sababu ya kununua lori la kifusi. Ongeza kwamba mvua ikianza kuna wanaotapisha vyoo, ili maji yachukue. Mhandisi ataona mto. Mwanasosholojia ataona umaskini. Mimi nikaona soko la vifusi, na mpaka leo naona hatujaliandika vya kutosha.

Sasa swali lako la uendelevu. Nitasema ninavyoona na wakubwa wanisamehe. Maneno hubadilika, Manzese ipo pale pale. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilifadhili viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuboresha Manzese na Mtoni. Neno lilikuwa "makazi ya kipato cha chini". Tembea Mikocheni leo uone kipato hicho cha chini. 1992 ukaanza mradi wa Dar es Salaam Endelevu chini ya Umoja wa Mataifa. Neno likawa mazingira na ushirikishwaji. Miaka ya 2000 neno likawa hati: leseni za makazi, MKURABITA ya mwaka 2004, yaani mpango wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, ukiwa na karatasi utakopa benki. Tangu 2015 kuna Lengo la 11 la Maendeleo Endelevu, linalohusu miji na makazi, na sasa kila andiko la mradi lina ustahimilivu wa tabianchi ndani yake.

Lakini usiyatupe maneno hayo yote. Kutokana na kipindi cha miaka ya 1990 tulipata Hananasif, pale Kinondoni, ambako wakazi wenyewe walijenga mifereji na barabara za ndani kwa kazi ya mikono, kwa msaada wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, na chuo cha Ardhi cha wakati huo. Mfereji wa kujengwa na watu wanaoujua maji yanakopita ni tofauti kabisa na mfereji wa kuchorwa ofisini. Na Ramani Huria iliyoanza 2015 ilichukua wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa, wakachora kata za mafuriko nyumba kwa nyumba, mfereji kwa mfereji, kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaipata. Kazi ya namna hiyo ikipewa jina la uendelevu, sina ugomvi.

Ninachokuomba ni uwe mkali kwa serikali kama unavyokuwa mkali kwa wavamizi wa mabonde. Desemba 2015 nyumba za bonde la Mkwajuni zilibomolewa kwa kuwa ziko mabondeni. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na karakana yake kubwa ilikuwa imejengwa Jangwani, kwenye tambarare la mafuriko la Msimbazi. Mvua zikaja, karakana ikajaa maji, mabasi yakawa yanahamishwa. Mama wa vitumbua angekwambia bure. Mtafiti wa miji anayeandika kuhusu "ujenzi holela" halafu asiitaje karakana ile ananipa shida kumwamini. Na mwendokasi wenyewe naupenda, nausema hivyo nikiwa abiria wa kusimama.

Vibali. Hakuna kozi inayofundisha hili na linakula muhula. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa wa wilaya, inakwenda kwa mkurugenzi wa manispaa, inashuka kwa mtendaji wa kata, halafu wa mtaa. Kila meza ina siku zake. Ukiwa na wenzako wa nje, kuna kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pia. Nenda mwenyewe na nakala ngumu, keti kwenye benchi. Kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa nimejifunza mambo ambayo dodoso halikuyapata: nani anakuja kuandikishiana mauziano ya kiwanja, mashahidi ni akina nani, asilimia ya ofisi ni ngapi, mjumbe anakaa upande gani. Ardhi ya Dar sehemu kubwa inagawanywa pale, wala si wizarani. Profesa Kombe wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzake wameandika mengi juu ya hilo. Soma kabla hujafikiri umeligundua wewe.

Ulaya au hapa? Mimi nilifanya masta hapa na uzamivu wa kwenda na kurudi, na ule wa kwenda na kurudi naupenda, kwa sababu data zako ziko huku na maktaba iko kule. Kuna programu ya SPRING ya Chuo Kikuu cha TU Dortmund, Ujerumani, mwaka wa kwanza unasoma kule, wa pili kwenye chuo mshirika, na Ardhi ni mmoja wa washirika. Kuna ITC kule Enschede, Uholanzi, kwa wanaopenda ramani za setilaiti. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, wana ufadhili kwa kozi za namna hii na mara nyingi wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili baada ya shahada, kwa hiyo utumishi wako wa TA haupotei. Ukienda, usikubali kupewa mada na msimamizi ambaye hajawahi kushuka daladala. Niliwahi kusukumwa niandike juu ya "miji erevu", vihisi vya kielektroniki kwenye taa za barabarani, mahali ambapo hata taa hazikuwepo. Nilikataa kwa heshima na ikanigharimu mwaka.

Konsaltansi nayo. Utaitwa. Mshahara wa mhadhiri msaidizi unaujua. Utaandika ripoti za tathmini za miradi ya watu na hakuna itakayosomwa tena. Chukua moja moja, lipa ada ya watoto, ila usiache daftari lako la mtaani likapata vumbi.

Mwisho, wewe uko Dodoma na unauliza uende wapi! Uamuzi wa makao makuu ulikuwa 1973, CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikaundwa mwaka huo huo, mpango kabambe ukatoka 1976, kazi ya Wakanada pia. Kwa miaka zaidi ya arobaini shirika moja lilishika ardhi yote ya mji mkuu, halafu Mei 2017 likavunjwa kwa siku moja na majukumu yakaenda manispaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Mji uliokaribia kuongezeka maradufu huku mwenye funguo za ardhi akibadilishwa katikati. Watu wa Dar tunakuonea wivu.

Mwanamukuru:

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nachangia kutoka Nairobi.

Mimi nilisomea uuguzi. Nilifanya kazi zahanati ya Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda, watoto wakija na kuhara wiki baada ya wiki, tunawapa dawa wanarudi kwa maji yale yale. Nikachoka kutibu mfereji kupitia tumbo la mtoto. Nikaenda kusoma mipango Chuo Kikuu cha Nairobi, na nilifika wakati mzuri, kwa sababu Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Mipango. Hii ina maana kaunti inasimamisha ujenzi mpya kwa muda na inaruhusiwa kupanga kwa viwango tofauti na vya kawaida. Ukitumia upana wa barabara wa kwenye kitabu pale Mukuru, utafukuza watu wengi kuliko utakaowahudumia. Ni zaidi ya kaya laki moja.

Mashirika zaidi ya arobaini yaliingia: vyuo, mawakili, watu wa afya, watu wa maji, na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakaaji wa mitaa ya mabanda, wakiwa katikati. Kabla ya hapo utafiti ulikuwa umeonyesha jambo ambalo kila mkaaji alilijua: mtu wa Mukuru analipa zaidi kwa mtungi wa maji kuliko mwenye bomba nyumbani Lang'ata au Kileleshwa, na umeme vilevile. Ukimwonyesha afisa wa kaunti kwamba maskini analipa bei ya juu kwa huduma mbovu, hawezi tena kusema hawana uwezo wa kulipia. Hiyo takwimu moja ilifungua milango kuliko picha zote za watoto kwenye matope.

Lakini nisikupake asali. Mwaka 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu wakalala nje, utafiti wote ukiwa kwenye rafu. Nilikuwa na data za baadhi ya nyumba zile. Tulizitumia kusaidia watu kuandika madai yao. Kwa hiyo weka data zako vizuri, na nakala iwe kwa wakaaji wenyewe.

Pwani_ya_Kikwajuni:

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, nachangia kidogo tu kwa vile wengi mmesema.

Alosema dada wa Msimbazi kuhusu kusoma mipango ya zamani ni kweli tupu. Njoo Nyaraka za Taifa hapa Kilimani. Utaona mpango wa Lanchester wa 1923, utaona wa Kendall wa miaka ya 1950, kisha ule wa 1968 wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki ulotaka Ng'ambo nzima, yaani mji ulo nje ya Mji Mkongwe, iondoke ibaki majumba ya ghorofa. Yalojengwa ni yale ya Michenzani, mengine hayakufika. Wachina nao wakaja na wao 1982. Kila mmoja kaikuta Ng'ambo, kila mmoja kataka kuinyoosha, na Ng'ambo bado ipo, barza zake na vichochoro vyake.

Watalii na watafiti wote wanakwenda Mji Mkongwe kwa sababu ya UNESCO. Ng'ambo ndo wanakoishi watu. Ukitaka mada ambayo haijakanyagwa sana, kama Dodoma haikutoshi, njoo.

Mkazi_wa_Makulu:

Dada KandoYaMsimbazi, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Na wengine wote asanteni sana, kaka wa halmashauri usiwe mkali, dodoso nitalikata.

Nimeanza kufikiri hivi: kuna korongo linapita nyuma ya kwetu. Wazee wanasema zamani lilikuwa jembamba, ng'ombe wanaruka. Sasa limekula uzio wa watu wawili na nusu ya njia. Juu yake kuna viwanja vya enzi za CDA vilivyopimwa vizuri, vimewekewa lami na mifereji, maji yote yanashuka kwetu ambako tulinunua kwa wenye mashamba. Nataka kuuliza nani anamiliki maji ya mvua yanapotoka kwenye eneo lililopimwa kuingia lisilopimwa. Hili ni swali au ni malalamiko ya jirani?

Na mkuu wangu wa idara nimwambieje?

KandoYaMsimbazi:

Marahaba, mdogo wangu.

Ni malalamiko ya jirani, na ni swali zuri sana. Libane kidogo: achana na "nani anamiliki", anza na ni nani alichora ule mfereji wa juu, uliishia wapi kwenye mchoro, na mchoro unaonyesha nini pale kwenu, nyumba, shamba au weupe mtupu. Naona utakuta weupe. Picha za zamani za Google Earth zitakupa upana wa korongo mwaka hadi mwaka, bila gharama. Wazee watakupa miaka ambayo setilaiti haina. Nenda nao korongoni, usiwahoji wakiwa wamekaa, wakiona mahali wanakumbuka.

Mkuu wa idara mwambie ni mmomonyoko wa udongo. Si uongo, na yeye ni mtu wa kilimo, atafurahi. Mpe sura ya mvua na udongo aisimamie yeye, halafu omba msimamizi wa pili kutoka mipango miji. Vyuo vingi vinakubali wawili.

Niandikie ukurasa mmoja hapa hapa tuuchane pamoja.

MchoroNambaNgapi:

Michoro ya CDA iliyokwenda jiji ipo, ila mingine ni ya karatasi na imekunjwa kunjwa. Nenda masijala ya ardhi na namba ya kitalu, usiende na jina la mtaa peke yake, watakuzungusha. Nina mtu niliyesoma naye pale kitengo cha mipango miji, nitakutumia namba yake inboksi. Barua yako itaje namba ya mchoro kama umeipata. Jumatatu wana vikao, nenda Jumatano asubuhi.